Saa ya Kompyuta Niliyoifunga

Chumba cha mbele, nyumbani
Jumapili, tarehe 9 Juni
Huku ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Kwako bado ni Jumamosi, saa mbili na nusu usiku.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu wawili, yule mkubwa aliyenyoa kichwa upande mmoja kama mtu aliyemkimbia kinyozi, na yule mdogo anayeniita shangazi wa simuni, wote wazima? Nambie kifua chako kimeacha kukusumbua wakati wa baridi. Nambie pia kama unakula vizuri, maana picha uliyotuma mwezi uliopita ilikuonyesha una shingo nyembamba kama mpini wa jembe. Wifi yangu asikasirike, simlaumu yeye, nakulaumu wewe.

Sisi huku tupo. Mimi ni mzima kasoro magoti, ambayo siku hizi yanalalamika kabla sijaamua kuinuka. Ofisi yangu ya kuchapa na kutoa fotokopi bado iko hapahapa chumba cha mbele, meza ileile, kiti kilekile chenye mguu uliofungwa waya. Jirani mshona nguo anakusalimu. Bado anaimba akishona, na bado hajui kuimba.

Kuhusu baba nitakuja. Najua ukifika hapa utataka kuikunja barua. Usiikunje, tafadhali. Kwenye simu kila nikimtaja unaniambia mtandao unakatika, nami nabaki naitazama simu yangu yenye mtandao tele. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, mimi ninayekula kwa kuchapa. Nitaipiga picha nikutumie leo hii, na karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Picha ni kwa sababu ya haraka, karatasi ni kwa sababu nataka uishike.

Nina kosa la kukuungamia, Kitinda, na limeanzia kwenye saa ya kompyuta. Nivumilie nilieleze tangu mwanzo.

Mwezi wa kwanza kompyuta yangu ya ofisini, ile kuukuu, ilianza kupoteza saa. Nikiizima jioni, asubuhi inaamka na kuniambia ni tarehe mosi Januari, miaka kumi na mitano nyuma. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikaa nikaitazama, maana mwaka huo mama alikuwa hai, na saa kama hiyo angekuwa jikoni akituita wavivu. Nikarekebisha saa, nikafanya kazi, na kesho yake ikarudi kulekule.

Nikamwita fundi wa kona ya pili, yule mrefu tunayemwita Bisibisi kwa sababu hata harusini huenda na bisibisi mfukoni. Akaifungua, akapuliza vumbi linalotosha kuotesha maharage, akatoa kibetri cha duara kama kifungo cha koti na kuweka kipya. Alinieleza kwamba kompyuta ikizimwa, kibetri hicho ndicho kinachoikumbusha saa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anasikiliza, na fundi alipomaliza wakabaki wanazungumza wawili. Mimi nikaenda kuchemsha chai. Laiti ningejua walichozungumza.

Baada ya hapo saa ilikaa vizuri majuma mawili. Kisha ikaanza ugonjwa mwingine wa ajabu zaidi. Siku moja iko sawa, siku mbili imepotea, na ikipotea inapotea kwa masaa yaleyale kumi, haizidi wala haipungui. Nafungua ofisi saa mbili asubuhi, yenyewe inasema ni saa nne usiku wa jana.

Usicheke, nimeaibika. Muuguzi mmoja alikuja kuchapa barua ya kuomba kazi, siku ya mwisho ya kupokea maombi, barua ikatoka na tarehe ya jana. Mwalimu mkuu akanirudishia mitihani akiniuliza huwa nalala saa ngapi, maana kila karatasi imeandikwa chini kabisa kwamba imechapwa karibu na usiku wa manane. Mshona nguo akaanza kunitania kwamba nina mchumba wa zamu ya usiku. Ofisi yangu inaishi kwa tarehe na saa, Kitinda. Mtu haniletei kazi kwa sababu ya uso wangu.

Nikamwita Bisibisi tena, akaja, akaitazama, akairekebisha, akaenda. Ikapotea. Nikamwita mara ya tatu. Akaitazama saa, akamtazama baba, akasema kwa sauti ya chini kwamba mashine haina ugonjwa wowote. Haina ugonjwa! Mdomo wangu unaujua, hauna breki. Mbele ya wateja wanne nilimwambia kwamba ameniwekea kibetri kibovu ili awe anarudi kula kwangu kila wiki. Nilimwita mwizi wa vifungo. Alikusanya vifaa vyake akaenda, na jioni nikaupitishia mtaa mzima habari zake.

Jambo moja lingenishtua kama ningekuwa na akili timamu. Ni baba. Miaka thelathini na mmoja mtunza saa wa kiwanda cha mablanketi, mshika daftari la zamu, mpiga king'ora. Wewe na mimi tumekua kwa king'ora chake. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akiandika kwa kalamu nyekundu jina la mtu aliyechelewa dakika tatu, hata awe rafiki yake wa kunywa naye kahawa? Unakumbuka alivyotuandika sisi wenyewe, kwenye karatasi ya jikoni, tulipochelewa kutoka shule? Mtu wa namna hiyo amekaa miezi miwili mbele ya saa iliyopotea na hata hajakohoa. Kimya kama maji mtungini. Nikadhani ni uzee.

Kila asubuhi alikuwa akitangulia kuamka, anakuja hapa chumba cha mbele, anawasha kompyuta. Nilimfundisha kucheza karata mwaka jana ili asiwe ananikalia kooni jikoni. Basi nilijua anacheza karata. Nikitoka chumbani namsikia anaguna, anabonyeza kitu haraka, na nikiingia ananiambia nimechelewa kufungua. Nilikuwa nacheka peke yangu nikidhani anaficha kwamba karata zimemshinda.

Kuna siku, katikati ya mwezi wa nne, foleni ilikuwa imefika mlangoni na printa imekula karatasi. Baba akaniuliza kutoka kwenye kile kiti, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, eti mwenzangu huko huwa anatoka kazini saa ngapi. Hakukutaja jina. Tangu ile siku ya kaburini hajawahi kukutaja jina, unajua.

Nami nikamjibu bila kugeuka: "Muulize mwenyewe, baba. Simu hiyo hapo mezani."

Nilijibu hivyo kwa hasira ya printa. Sikujua kama kuna mtu anayapima maneno yangu.

Kesho yake saa ikapotea tena, na safari hii karani mmoja akanirudishia hati kumi na mbili mbele ya watu. Nikapandwa na mori. Nikamfuata Bisibisi hadi kibandani kwake, nikamwambia sitaki maelezo, nataka saa ifungwe, mtu yeyote asiweze kuigusa bila neno la siri. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi yake ni kufunga, hakika ni yangu. Akaja wakati baba amekwenda kunyolewa, akaifunga, akaniambia nichague neno ambalo sitalisahau. Nikaandika jina lako, Kitinda.

Saa ikatulia. Nilijipongeza wiki nzima. Nilimwambia mshona nguo kwamba dawa ya moto ni moto.

Sasa nenda kwenye simu yako, urudi nyuma hadi tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne. Ulinitumia ujumbe. Ulisema kuna mteja wangu mwenda wazimu amekupigia saa tisa usiku kwa simu ya ofisini kwangu, hasemi, anahema tu, na kwamba umemtukana matusi ambayo mimi ningeona haya kuyasikia. Nami nikakujibu pole mdogo wangu, watu hawana ustaarabu, nitamkomesha. Nimeusoma ujumbe wangu huo mara nyingi mno. Nitamkomesha!

Hakuwa mteja. Alikuwa baba.

Pumua kwanza, kisha endelea kusoma. Usijilaumu. Mtu akiamshwa saa tisa usiku na mtu anayehema tu, hata malaika angefoka. Lawama ni zangu, na nitakueleza nilivyojua.

Baada ya siku ile baba aliacha kuja chumba cha mbele. Alisema macho yanamuuma, karata zimemchosha. Akaacha kuvaa saa yake ya mkono, nikaikuta kwenye sahani ya sabuni bafuni. Chakula akawa anakizungusha tu kwenye sahani. Nikamnunulia dawa ya macho, mimi mwerevu. Mwishoni mwa mwezi wa tano akaanguka mlangoni mwa bafu, na daktari akasema moyo wake umechoka, unapiga hatua moja na kupumzika mbili. Nikakupigia simu kukuambia. Mtandao ukakatika.

Baba alilazwa siku tisa. Siku ya pili nilitumwa kadi yake ya matibabu, na katika kuitafuta nikainua godoro. Hapo ndipo nilipolikuta daftari la zamu. Unalijua, lile jalada jeusi na kona nyekundu, lazima aliondoka nalo kiwandani alipostaafu. Nilifikiri ni la zamani. Kumbe kurasa zake ni za mwaka huu.

Kaa chini, Kitinda. Baba alikuwa anakuandikia mahudhurio.

Kila asubuhi, tangu mwezi wa pili, ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Tarehe, kisha: "Saa 2.30. Ameingia kazini. Hajachelewa." Ukurasa mzima hajachelewa. Jumapili ameandika: "Mapumziko. Yuko na watoto." Siku ile nilipomwambia mezani kwamba mwanao mdogo ana homa, ameandika: "Ana ruhusa." Mimi nilidhani hakunisikia, maana aliendelea kula.

Niliketi sakafuni na lile daftari. Halafu nikafunua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne. "Saa 9 alasiri. Zamu imetoka. Nimempigia mwenyewe. Hataki." Baada ya hapo hakuna kitu, kurasa nyeupe tu.

Nikatoka na khanga ya ndani hivyohivyo hadi kwa Bisibisi. Aliponiona na daftari mkononi aliweka chini chombo chake cha kulehemu nyaya. Akanieleza yote. Ile siku ya kibetri baba alimuuliza kama mashine inajua saa za miji mingine, naye akamwonyesha orodha ya miji, unachagua mji na saa inageuka kuwa ya huko. Baba akachagua mji wako, na kila asubuhi nilipomfumania kabla hajairudisha, saa ilibaki huko. Akamwomba asimwambie mtu, hasa mimi. Na fundi wa watu akameza. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wanne, akamtazama baba, akameza. Kikulacho kilikuwa nguoni mwangu, nami namfukuza mpita njia.

Nilimwomba radhi pale pale, nikalia kibandani mwa watu kama mtoto. Kisha nikapita nyumba zilezile nilizopitia mara ya kwanza, nikiyameza maneno yangu moja baada ya jingine. Ni machungu, mdogo wangu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sina mtoto hata wa kusingiziwa, lakini mjukuu huyo nimempata na namlea.

Utauliza, sasa mtu mwenye saa ya mji wako mbele yake alikupigiaje saa tisa usiku? Hata mimi nilijiuliza. Nikaketi na Bisibisi tukaifungua ile kompyuta, tukafanya kama baba alivyokuwa akifanya. Hizi tarakimu za pembeni hakuwa anaziamini. Alikuwa anabonyeza hadi itokee ile saa ya duara yenye mishale, kwa sababu maisha yake yote amesoma mishale. Na mishale haisemi kama ni mchana au usiku.

Huku ikiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye anaona mishale yako inasema saa mbili na nusu. Akajua umemtangulia kwa masaa mawili, umeshaingia kazini. Kumbe ni saa mbili na nusu usiku, umeshavua viatu. Tarehe ya jana aliiona pia, lakini akaona ni ule ugonjwa wa kibetri. Masaa kumi nyuma na masaa mawili mbele, kwenye mishale ni kitu kimoja. Mtunza saa wa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua anachotazama.

Basi nilipoifunga saa, akawa hakuoni tena. Likabaki lile jibu langu la hasira, kwamba akuulize mwenyewe, simu ipo mezani. Akapiga moyo konde. Akahesabu kwa kichwa: zamu ya kwanza kiwandani ilikuwa inatoka saa tisa alasiri, wakati mtu ametoka langoni, hana haraka, anaweza kuzungumza na baba yake. Na saa tisa yako, kwa hesabu yake, ni saa saba mchana hapa, wakati mimi niko jikoni napakua. Akapiga saa saba kamili, naweza kuapa, haikupungua hata dakika.

Angeniuliza mara moja tu, ningemwambia. Hapana, nasema uongo. Aliniuliza mara moja.

Baba ametoka hospitali Alhamisi. Juzi nilimkalisha na mito mgongoni, nikaweka daftari mapajani mwake, nikamwambia najua, na nikamweleza mambo ya mchana na usiku. Alisikiliza bila kunitazama. Nikafikiri ananikasirikia kwa kupekua godoro lake.

Baadaye akasema uliita "Dada? Dada?" mara tatu kabla ya kufoka, na kwamba hizo mara tatu zote alikuwa anaitafuta sauti yake na kuikosa. Akaniuliza kama ni kweli kabisa ulikuwa umelala. Nikamwambia ni kweli, nikamwonyesha ujumbe wako. Akausoma polepole, hadi yale ya mwenda wazimu, na Kitinda, baba akacheka. Akasema mtu akiamshwa saa hizo ana haki.

Nami nikaanza kukusanya vikombe. Nikamsikia nyuma yangu:

"Masaa mawili tu yalikuwa. Kaburi halikuwa na haraka."

Nilisimama na vikombe vyangu. Miaka sita nimekuwa nikingoja mtu aseme neno hilo katika nyumba hii, na mmoja wa wale ambao hawakulisema ni mimi. Wewe ulinipigia simu siku ile ukiwa njiani, ukasema masaa mawili, dada, nisubirini. Nikamwambia baba. Akatazama saa yake ya mkono, akasema mazishi ni saa kumi, na saa kumi ni saa kumi. Mimi, mwenye mdomo usio na breki, siku hiyo nikafyata ulimi. Nilikuwa na uwezo wa kukaa chini pale kaburini na kukataa kuinuka. Sikukaa. Ulipofika saa kumi na mbili udongo umeshapigwa maji, na baba akakuambia mbele ya watu kwamba hata mama yako umemchelewa, ulikuwa na haki ya kuondoka na kutogeuka nyuma. Nisamehe, mdogo wangu. Sikukulilia siku ile, nakulilia sasa.

Baba alisema nisikuambie hayo ya kaburi. Alisema akipata nguvu atayasema mwenyewe. Lakini daktari ameniambia, pembeni, kwamba kama kuna jambo la mzee lisiwekwe wiki nyingi. Kwa hiyo nimekuambia nusu yangu, hiyo nusu nyingine ngoja uisikie kwake. Ukiisikia, jifanye hujui.

Bisibisi amekuja jana akaondoa neno la siri. Hakutaka malipo, nikamlazimisha chai. Tumeiacha saa ya kompyuta kwenye mji wako, na amempangia baba zile tarakimu za kuhesabu hadi ishirini na nne, ili usiku ujulikane kuwa ni usiku. Mteja akija namrekebishia tarehe kwa mkono, karatasi moja moja. Akilalamika namwambia saa ya mashine hii ina kazi nyingine. Asubuhi ya leo baba ameomba nimshike mkono hadi hapa. Amekaa pembeni yangu ninapoandika, na ameona kwamba kwako ni jioni, umeshavua viatu. Amelitikisia kichwa jambo hilo kwa muda, kama fundi aliyegundua kosa kwenye kazi yake mwenyewe.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumamosi ijayo, ikifika kwako saa mbili na nusu usiku, piga simu ya ofisini. Huku itakuwa Jumapili asubuhi na baba atakuwa hapa mezani. Usihangaike kutafuta la kusema. Akihema bila kusema, usikate, mwachie aitafute sauti.

Wasalimie wote. Wifi yangu mwambie ile sweta imenitosha kwenye mikono, tumboni bado tunajadiliana. Mkubwa mwambie shangazi anasema amalizie upande wa pili wa kichwa. Mdogo mbusu kwa niaba yangu. Mama mdogo anakusalimu, na mshona nguo, na Bisibisi pia, ambaye hakujui ila anajua masaa yako yote. Mungu akulaze salama, akuamshe kwa saa zako.

Nilikuwa nimeshafika mwisho, lakini baba ameniomba kalamu. Amefungua daftari, ukurasa mpya, akaandika tarehe 16, Jumapili, na mbele yake jina lako kamili, lile alilokupa mwenyewe, ambalo sijamwona akiliandika miaka sita. Safu ya saa ya kuingia ameiacha wazi. Nikamuuliza ataandika nini simu ikichelewa. Amenipa ile kalamu nyekundu, amesema nikaitupe.

Mimi dada yako nikupendaye, tangu ulipokuwa ukichelewa kutoka shule hadi leo,

Dada